Njia ya Kwanza, Ukihesabu Kutoka Dirishani

Kibanda cha ishara kilikuwa juu ya ngazi kumi na nne, na ndani yake zilisimama nyenzo ishirini na nne za chuma, zimejipanga mstari mmoja kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Ukivuta nyenzo, waya unauvuta ulimi wa reli huko nje, na ulimi wa reli ndio unaoiambia treni: pita huku, kule usiguse. Kwa miaka thelathini na mmoja aliyezivuta alikuwa mwanamke mmoja, na watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mama Nyenzo. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na marehemu mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akijisifu kwamba yeye kaoa mke mmoja na robo.

Sasa zilibaki siku kumi na mbili astaafu. Hakutamani keki wala saa ya ukutani. Alitaka kitu kimoja tu: atoke pale na jina lake. Treni arobaini kwa siku, miaka yote hiyo, na haijawahi hata moja kuingia njia isiyo yake kwa mkono wake. Wenzake waliwahi kumwaga mabehewa ya saruji, na kuna mmoja aliwahi kuwaingizia abiria wa daraja la kwanza treni ya ng'ombe jukwaani. Yeye hata kuku wa mtu hajamkanyaga.

Lakini miezi kadhaa nyuma alishakuja Bwana Kisasa.

Hilo nalo si jina la kuzaliwa. Alikuwa meneja wa mradi wa ishara mpya, na kila akifungua mdomo lazima neno hilo lidondoke. Mfumo wa kisasa, reli za kisasa, hata ufagio wa kisasa. Alivaa koti la njano la kung'aa lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate, na kofia ngumu ambayo haikuwahi kuguswa hata na tone la mvua.

Mradi wenyewe haukuwa mbaya, tusimsingizie mtu. Njia ilikuwa imezidiwa, treni zinasubiriana nje ya stesheni kama wagonjwa kwenye foleni ya zahanati. Basi njia zote nne zikapangwa upya, ndimi za reli zikafungwa mota, taa mpya zikasimikwa, na nyenzo ishirini na nne zikakatwa na kulazwa nje ya ukuta kama miwa. Mahali pake pakawekwa meza moja, kiti cha kuzunguka, na skrini pana kama mlango. Mpaka mfumo mpya uzinduliwe na kukaguliwa, treni za kila siku ziliongozwa kwa bendera.

"Mama, umeona maajabu?" Bwana Kisasa alimwambia. "Kidole kimoja! Unagusa hapa, treni inaingia. Wewe umehangaika na vyuma maisha yako yote."

"Nimeona, baba. Na huo mkono mwingine utakuwa unafanya nini?"

"Unapumzika."

"Haya. Na akili nayo?"

Hakusikia, simu ilikuwa inaita. Simu yake ilikuwa na tabia ya kuita kila anapoulizwa swali.

Hapa lazima tusimame kidogo tusikie habari ya kibao, maana bila kibao hakuna kisa. Juu ya nyenzo palikuwa na kibao cha mbao kilichochorwa njia nne za stesheni: ya kwanza chini kabisa, ya nne juu kabisa. Kilichorwa zamani, wakati kibanda kiko upande wa jukwaa. Ukisimama dirishani enzi hizo, njia iliyo karibu nawe ilikuwa ya kwanza, ile ya abiria. Baadaye jukwaa likaongezwa urefu, kibanda kikabomolewa na kujengwa ng'ambo ya pili ya reli. Kibao nacho kikahamishwa, na aliyekitundika akakitundika vilevile. Tangu siku hiyo, njia iliyo karibu na dirisha ni ya nne, njia bubu inayoishia kwenye gogo la mataruma, zile mbao nene za chini ya reli, mbele ya vyoo vya stesheni, na ya kwanza iko mbali kule jukwaani. Kila mfanyakazi mpya aliambiwa siku yake ya kwanza kazini: kibao kinahesabu kutoka jukwaani, usije ukahesabu kutoka dirishani. Wakazoea. Hakuna aliyekigeuza, kwa sababu wa kukigeuza alitakiwa ajaze fomu tatu.

Watu wa mradi walikinakili kibao kwenye skrini mstari kwa mstari. Hata doa la chai lililokuwa pembeni walilichora, wakidhani ni kisima. Kisha walipokwenda kufunga nyaya za mota, wakasimama dirishani, wakahesabu moja, mbili, tatu, nne.

Mama Nyenzo aligundua siku mbili kabla ya ufunguzi. Fundi wa skrini, baba mmoja mpole mwenye tabia ya kusema na mashine kuliko na watu, aligusa njia ya kwanza. Skrini ikawaka kijani. Mama hakuitazama. Alitazama nje, kama alivyozoea, akaona ulimi wa njia ya nne unasogea taratibu.

"Fundi, umefungua ya nne."

"Hapana, mama, ya kwanza. Ona, imeandikwa."

"Iliyoandikwa naiona. Njoo huku uione iliyofunguka."

Fundi akaja dirishani. "Si ndiyo hiyo? Moja..." Kidole kikaganda hewani. "Kwani jukwaa liko wapi?"

"Liko palepale siku zote, mdogo wangu. Ng'ambo."

Fundi akatafuta kiti, nacho kikazunguka, nusura aanguke. "Lakini tumejaribu mara mia na ishirini!"

"Mlijaribuje?"

"Mimi nagusa, mwenzangu kule chini ananiambia kwenye redio ya kwanza imefunguka."

"Na yeye anahesabu kutoka wapi?"

Fundi akaitazama redio yake. Kumbe walikuwa watu wawili waliokubaliana kukosea mara mia na ishirini, na kila mara wakaandika "vizuri sana".

Kurekebisha kulitaka nusu siku tu, fundi akasema, lakini mchoro ulishapitishwa, na wa kuufungua ni meneja peke yake. Wakashuka ngazi zote kumi na nne, wakamkuta Bwana Kisasa anachagua rangi ya vitambaa vya viti.

"Meneja," Mama akaanza, "skrini inasema ya kwanza, reli inafungua ya nne. Treni ya ufunguzi itakwenda kugonga gogo kule vyooni."

"Mama yangu, kompyuta haikosei."

"Kweli, baba. Inatii tu. Aliyekosea ni aliyeiambia."

"Mgeni rasmi anakuja keshokutwa. Treni itaingia kwa kasi, kwa kishindo, kamera zinangoja. Nisimamishe mradi kwa sababu wewe unakumbuka vyuma vyako?" Akachomoa karatasi. "Halafu hujasaini Fomu ya Kukubali. Weka jina hapa, kwamba msimamizi wa kibanda amehakikisha yaliyo kwenye skrini ndiyo yaliyo ardhini."

"Sisaini."

"Unapinga maendeleo?"

"Napinga gogo. Na dereva wa hiyo treni ni shemeji yangu. Nikisaini hapa, nimemuua kwa kalamu."

Simu ikaita.

Kibandani kulikuwa na sheria moja ya zamani kuliko kibao: kauli yoyote inayohusu treni huandikwa kwenye daftari, husomwa kwa sauti, kisha aliyesema na aliyeambiwa wote wanatia sahihi. Mama Nyenzo alikuwa ameshuka na daftari kwapani, maana hakuwahi kwenda popote bila hilo daftari. Akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mkubwa na wa mviringo, akasoma kwa sauti: "Saa tatu na robo. Nimemwambia meneja kwamba njia zimehesabiwa kinyume. Meneja amesema kompyuta haikosei." Akamsogezea. Bwana Kisasa, simu sikioni, akatia sahihi huku akimwambia mtu wa upande wa pili kwamba samawati haifai, alete zambarau. Alikuwa mtu wa kusaini. Ungemwekea jani la mgomba angesaini.

Kesho yake asubuhi akamwita ofisini, anacheka mpaka jino la mwisho.

"Mama, tumeshamalizana. Kwa kuwa ulikuwa unasumbuka, nimekusainia." Akaonyesha fomu. Palepale penye jina lake lote, lile lililosahaulika, pameandikwa k.n.y., kwa niaba yake, na mkia mrefu wa sahihi ya meneja.

Mama Nyenzo alilitazama jina lake kwa muda. Miaka mingi hajaliona limeandikwa, na leo analikuta limevalishwa nguo ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo likitokea la kutokea, ni mimi."

"Halitatokea. Na kesho, kwa kuwa nyenzo hazipo tena, wewe utasimamia zulia jekundu. Ni heshima hiyo. Zulia liwe pale treni itakaposimama, mlango wa behewa la mgeni."

"Pale treni itakaposimama?"

"Palepale. Nisije nikaona limepinda."

"Nimekuelewa, baba. Umenieleza vizuri sana."

Akatoka. Hakulia, wala hakumlaani mtu. Alikwenda stoo, akaomba karatasi za tahadhari. Hizi zilikuwa za njano, nazo ni sheria: msimamizi wa kibanda akiitilia shaka njia, huiandikia, mkubwa wake husaini, dereva hupewa, na dereva aliyepewa hana hiari. Akajaza moja. Kisha akangoja mpaka saa nane, wakati Bwana Kisasa anasainishwa makaratasi ya sherehe, naye akajipanga kwenye foleni. Karatasi ya viti ikapita. Ya maji ya chupa ikapita. Ya tarumbeta ikapita.

Mama akaisoma ya kwake kwa sauti, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka: "Dereva wa treni ya ufunguzi aingie stesheni kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea, na awe tayari kusimama wakati wowote, kwa kuwa njia ina shaka."

"Sawa, sawa," meneja akasema. Kwenye simu akaongeza, "Si wewe, nasema na mama wa zulia." Akasaini.

Shemeji alipita kibandani alasiri. Dereva mwenye kitambi, mtu wa utani, ambaye tangu kaka yake afariki hakuacha kumchokoza Mama Nyenzo kama desturi ya mashemeji.

"Shemeji, nasikia wamekunyang'anya nyenzo. Sasa huo mkono mnene utaupeleka wapi?"

"Nitaupeleka kwenye shavu lako usipokaa kimya. Soma hii, usaini."

Akasoma. Utani ukamtoka usoni. "Mwendo wa mtu mzima? Wameniambia niingie kama risasi."

"Waliokuambia hawamo humo ndani. Wewe na mgeni wao mmo. Utaletwa njia ya nne."

"Ya vyooni?"

"Ya vyooni. Uje polepole mpaka uone zulia. Ukiona zulia, simama."

"Zulia? Vyooni?" Akatazama sahihi ya meneja, akaigeuza karatasi kama anatafuta mahali penye kichekesho. "Shemeji, wewe kaka yangu alikuwezaje?"

"Hakuniweza. Saini."

Siku ya ufunguzi treni nyingine zote zilisimamishwa, isije ikatokea yenye watu wa kawaida ikaharibu picha. Jukwaa lilifurika zambarau. Kibandani, Bwana Kisasa alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, kamera mbili zikimmulika, maana aliagiza kidole cha kwanza kiwe chake.

Fundi akainama sikioni mwake. "Bosi, nakuomba, gusa ya nne. Ukigusa ya nne itafunguka ya kwanza."

"Ya nne si ya vyooni? Unataka kunidhalilisha mbele ya kamera?"

Akagusa ya kwanza. Kijani. Watu wakapiga makofi. Akainuka, akashuka ngazi mbilimbili, akakimbia daraja la juu kuwahi jukwaani kumpokea mgeni. Alipofika, akatazama chini. Saruji tupu.

"Zulia! Zulia liko wapi?"

Ng'ambo ya pili, mbele ya mlango wa vyoo, Mama Nyenzo alikuwa amesimama na gauni lake la sikukuu. Zulia limenyooka kama rula, na ngazi ndogo ya kushukia iko kando.

"Liko hapa, baba!" akaita. "Halijapinda!"

Treni ikatokea kwenye kona. Wapiga tarumbeta wakajaza mashavu. Ilitakiwa ije kama radi. Ikaja kama bibi harusi mwenye viatu vya kubana. Kila mtu alipata nafasi ya kuitazama vizuri ikifika kwenye makutano, ikisita, kisha ikilipa jukwaa kisogo na kuelekea vyooni. Tarumbeta zilikatika moja baada ya nyingine. Kichwa cha treni kikasimama hatua tatu kabla ya gogo. Shemeji akachungulia dirishani, jasho linamtiririka, akampungia Mama Nyenzo ile karatasi ya njano.

Mama akayatazama mataruma, akazihesabu zile hatua tatu. Kwa kasi waliyoitaka, pasingebaki mtu wa kuulizwa.

Mlango wa behewa ukafunguka. Sasa mgeni rasmi alikuwa amesafiri saa tatu, na katika kila kituo alihutubia, na katika kila hotuba alipewa chupa ya maji. Akashuka amebana meno. Akaona zulia. Akaona lilikoelekea. Hakusalimia mtu, akapita juu yake kwa hatua fupifupi za haraka, akapotelea ndani.

Bwana Kisasa alifika anahema, kofia imekaa upande, kinywa kimejaa maneno ya kumtupia Mama Nyenzo. Kabla hajayatema, mgeni akatoka, uso umenawiri kama aliyesamehewa dhambi.

"Nani aliyebuni jambo hili?" akauliza. "Nimefungua miradi mingi, sijaona stesheni inayomfikiria abiria hivi. Unashushwa mlangoni kabisa! Nani?"

Mama Nyenzo akamtazama Bwana Kisasa. Fundi akamtazama Bwana Kisasa. Bwana Kisasa akainyoosha kofia.

"Ni mimi, mheshimiwa. Tulilifanyia utafiti."

Wakapeana mikono, kamera zikamulika. Mgeni alipoingizwa garini, Mama Nyenzo akasogea, daftari limeshafunguliwa.

"Hongera, baba. Sasa kauli hii lazima iingie, si unajua sheria zetu wazee." Akasoma kwa sauti tamu kuliko zote alizowahi kusomea: "Saa sita na dakika kumi. Treni ya abiria imeingizwa njia ya nne, isiyo na jukwaa, kwa ubunifu wa meneja mwenyewe, aliyeigusa kwa kidole chake. Mgeni rasmi amempongeza."

Safari hii Bwana Kisasa alisoma. Aliisoma hata mara mbili, akitabasamu. "Weka na neno kisasa," akasema. Likawekwa. Akasaini kwa mkia mrefu kuliko ule wa fomu.

Siku ya tisa ya zile kumi na mbili walikuja wakaguzi, mwanamke na mwanamume, miwani minene, hawapigwi picha. Waliona gazetini treni ya abiria imesimama hatua tatu toka kwenye gogo, na kwao haikuwa habari ya kupongezana. Wakaanza na fomu.

"Msimamizi wa kibanda alithibitisha njia," Bwana Kisasa akasema upesi. "Jina lake hilo hapo."

"Jina ni lake," mkaguzi mwanamke akajibu. "Sahihi ya nani?"

Simu haikuita. Wakaguzi walikuwa wameziomba simu zote ziachwe nje.

Wakaomba daftari, na karatasi ya njano ikiwa imebanwa ndani yake. Wakalisoma taratibu, kidole kikifuata mstari: kompyuta haikosei, imesainiwa. Karatasi ya njano, imesainiwa. Ubunifu wa meneja, imesainiwa.

"Ile ya mwisho ilikuwa lugha ya sherehe," Bwana Kisasa akasema.

"Njoo dirishani," mkaguzi akamwambia. "Tuhesabie njia."

Akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Alipofika nne akaliona jukwaa, na huko chini ya koti la njano bega moja likashuka, kisha la pili. Baada ya wiki alihamishiwa ofisi ya makao makuu isiyo na dirisha, na wasemao wanasema kule anasimamia kununua kalamu.

Ile fomu ikachanwa. Fundi aligeuza mpangilio kwa nusu siku, kama alivyosema, na doa la chai akaliondoa. Mama Nyenzo hakuridhika na skrini. Alishuka relini siku yake ya mwisho, redio mkononi, akasimama kwenye kila ulimi, akaugusa kwa ncha ya kiatu kila uliposogea. Ya kwanza, ya kwanza kweli. Alirudi juu, akachukua fomu mpya, akaliandika jina lake lote kwa mkono wake mnene, bila k.n.y.

Kisha akaandika kauli ya mwisho daftarini: zamu imekabidhiwa, njia zote nne ziko mahali pake. Akaisoma kwa sauti, akamsogezea fundi kalamu.

Fundi hakuipokea. Alilivuta daftari, akasoma mstari kwa mstari, akaenda dirishani, akahesabu kutoka jukwaani kwa kidole, akarudi, akasoma tena.

"Mbona unachelewesha, mdogo wangu?" Mama akamuuliza, mkoba uko begani. "Wenzako walikuwa wanasaini tu."

"Nisubiri kidogo, mama," fundi akasema. "Bado nasoma."

Mama Nyenzo akaushusha mkoba, akavuta kiti cha kuzunguka, akakaa. Kwa hilo angengoja hata mpaka jioni.